Dada Yangu Aliambiwa Afeli

Kwetu, mtoto wa kike alifundishwa kufeli. Sisemi hakufundishwa kusoma. Kusoma alifundishwa, miaka saba mizima, na fimbo zake, na ufagio wake, na kidumu chake cha maji ya kumwagilia maua ya walimu. Halafu ukikaribia mtihani wa darasa la saba mzazi anamwita pembeni na kumwelekeza taratibu, kama anavyomwelekeza namna ya kumfunga ndama, kwamba ukiingia kwenye chumba cha mtihani ujaze ovyo. Jibu likiwa A, wewe weka C. Na mtoto, kwa kuwa amelelewa vizuri, anaitikia ndiyo baba.

Watu wa mjini nikiwasimulia hili wanacheka, wanadhani natia chumvi. Sijatia hata punje. Tena jambo lenyewe lilikuwa na akili yake, akili mbaya lakini akili. Binti aliyefaulu alikuwa wa serikali. Jina lake limetoka wilayani, limebandikwa kwenye mlango wa mwalimu mkuu, na asipopelekwa sekondari mtendaji anakuja na mgambo, na mzee mzima analala mahabusu kwa ajili ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Aliyefeli hana wa kumuulizia. Huyo anarudi kuwa wa baba yake, na baba anafanya atakavyo. Kwa hiyo wafugaji wa kwetu hawakugombana na serikali hata siku moja. Waliiacha shule imalize miaka yake, wakamaliza mambo yao kwenye karatasi ya mtihani.

Kwetu ni upande wa Sengerema, huko ndani, karibu kutwa nzima kwa baiskeli kutoka kivuko cha Kamanga. Baba alikuwa na ng'ombe wengi, wengi kiasi kwamba watu wakimwelekeza mgeni njia walitaja zizi letu, siyo nyumba. Alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, ila alichelewa kuzaa, na mama mdogo akamtangulia kwa miezi michache. Ndiyo maana binti wa mama mdogo nimemwita dada maisha yangu yote, ingawa sisi mabinti wawili tulianza darasa la kwanza siku moja, tukaketi dawati moja, na kalamu ikipotea tulipigwa wote wawili.

Dada alikuwa na akili. Sisemi hivyo kwa huruma ya yaliyompata baadaye. Mtu akipatwa na mabaya ndugu zake humpaka sifa ambazo hakuwa nazo. Dada alikuwa nazo. Tukichunga ndama jioni alichora hesabu ardhini kwa kijiti, akazifuta kwa mguu, akaandika nyingine ngumu zaidi za kwake mwenyewe. Mimi hesabu za sehemu sikuzielewa darasani mwaka mzima. Nilizielewa siku aliyonikatia kiazi kitamu mbele yangu, nusu, robo, thumuni, akaninyima kula mpaka nijumlishe vipande. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa Bukoba, anajisikia, hasifii mtu, na Kiswahili chetu cha kuchanganya r na l kilimkera mpaka akawa anafumba macho tukisoma kwa sauti. Lakini akichoka kufundisha alimpa dada chaki, akaenda kuketi dirishani. Hakuna mwingine aliyewahi kupewa chaki ile.

Mimi nilikuwa wa katikati. Nikijitahidi sana napanda kidogo, nikiugua narudi nilikotoka. Nilikuwa mfupi, mweusi, na kifua kilichokohoa kila msimu wa vumbi. Dada alikuwa mrefu na maji ya kunde, na kwetu weupe wa ngozi unaongeza ng'ombe kwenye mahari. Nalisema waziwazi kwa sababu kila mtu alilijua na alilisema waziwazi, mbele yetu, tukiwa watoto. Wageni walimtazama dada kama wanavyotazama mtamba mnadani, miguu, shingo, meno. Nikikumbuka naona aibu kwa niaba yao, maana wenyewe hawakuona.

Mwaka ule wa darasa la saba walikuja watu kutoka upande wa Geita. Malisho yalikuwa yamewabana, walikuwa wanajiandaa kuhama na mifugo yao kwenda kusini, mbali, na kijana wao alitakiwa aoe kabla ya safari. Waliketi, wakanywa maziwa ya mgando, wakaongea habari za mvua. Hawakutaja binti. Walipoondoka baba alikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba.

Siku mbili kabla ya mtihani, asubuhi, tulikuwa zizini wakati wa kukamua. Mimi nilikuwa nimeshika ndama asimfikie mama yake. Baba alimwita dada upande wa pili wa ng'ombe, akaongea naye maneno machache bila kuacha kukamua. Nilimwona dada akitikisa kichwa kukubali. Kisha akabeba kibuyu cha maziwa kwenda ndani, kama siku zote.

Aliniambia njiani tukienda shule.

"Baba kasema nijaze ovyo," alisema. "Zote."

Nikamuuliza na mimi je.

"Wewe hakukutaja."

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na sitaificha. Nilifurahi. Dada yangu, aliyenifundisha kusoma saa na kujumlisha robo, ameniambia amekatwa miguu, na mimi ndani ya moyo nikafurahi kwamba baba hakunitaja. Nilijiambia baba ananipenda. Nilijiambia ameona kifua changu, ameona sifai jua na kuni, ameamua mimi niachwe nisome. Nilitembea njia iliyobaki nikiwa mwepesi. Hivi mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuwa na roho mbaya kiasi kile? Anaweza, nilikuwa nayo.

Siku ya mtihani mlangoni alisimama mgambo na rungu, na msimamizi aliletwa kutoka shule nyingine, mkali, viatu vinalia. Dada aliketi mbele yangu, dawati moja kati yetu. Ulipofika mtihani wa hesabu nilimwona akiandika kwenye karatasi ya kukokotolea, haraka, hainui kichwa. Nikasema moyoni, hasikii la baba huyu, anajibu. Nikaogopa, lakini niliona raha pia. Baadaye akaweka kalamu chini, akaketi amepakata mikono, muda mrefu, mpaka msimamizi akamsogelea kuona kama anaumwa. Ndipo akavuta karatasi ya majibu akaanza kuijaza. Aliijaza polepole sana, akirudia kusoma kila swali, kidole kikifuata mstari. Nilidhani anahakiki.

Nje alisema amemaliza, basi. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na maswali yangu niliyoyaruka ya kunihangaisha.

Matokeo yalikuja mwishoni mwa mwaka, tukaitwa shuleni sisi tuliomaliza. Shule nzima walichaguliwa wanne kwenda sekondari, na jina langu lilikuwa la nne, mkiani, limebanwa chini ya karatasi kama limeongezwa kwa kusahauliwa. La dada halikuwepo. Lakini yakaletwa pamoja na maksi, na mwalimu mkuu, Mungu amsamehe, mimi bado, akaona ni vyema kutusomea mstarini. Hesabu, dada yangu, sifuri. Siyo chache. Sifuri.

Akamwita mbele. Akamsimamisha pale kwenye mlingoti wa bendera, watoto wa darasa la kwanza wakimtazama, akasema wapo watu wanaokuja shule kukua tu. Watoto wakacheka. Mwalimu mkuu yule alikuwa anakuja kwetu Jumapili kunywa maziwa. Alikuwa amelijua daftari la dada kwa miaka saba. Hata mjinga wa mwisho hapati sifuri, akibahatisha tu zipo zitakazomwangukia. Mwalimu mzima asijue hilo? Alijua. Alijua, akaona ni salama zaidi kumwita mtoto zuzu kuliko kumuuliza mzee mwenye zizi kwa nini. Yule mtu wa Bukoba aliyekuwa akimpa chaki aliondoka mstarini katikati ya maneno, akaingia ofisini, akafunga mlango. Watu walisema amekasirishwa na dada. Mimi nasema aliona haya, na kuona haya ofisini umejifungia kunamsaidia nani?

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mstari wa tatu na ukweli wote mdomoni. Ningesema neno moja tu, baba ndiye aliyemwambia. Sikusema. Baba angeitwa, mambo yangechunguzwa, na nani ajue, labda na nafasi yangu ingepotea humo humo. Dada alirudi kwenye mstari akasimama nyuma yangu. Alinigusa bega akaniambia hongera.

Wale watu wa Geita walimwoa mwezi wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tano. Ng'ombe walikuja wakiswagwa asubuhi na vijana waliokuwa wakiimba, na mama mdogo, aliyekuwa amelia siku mbili jikoni, alitoka uani amejifunga kitenge kipya na kupiga vigelegele kuliko wote. Sitamlaumu mama mdogo. Baba alikuwa amemwambia kwamba binti akifaulu, yeye na binti wote watarudi kwa wazazi wake mama mdogo. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilimwona tu akipiga vigelegele nikamchukia.

Wiki mbili baada ya harusi baba alinisindikiza sekondari, mjini Mwanza. Zilikuwa ndizo siku serikali imeanza kusema wazazi nao wachangie. Vitu vilivyokuwa bure vikawa na ada, na madukani vikajaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na hela ya kuvinunua nayo hatukuwahi kuiona. Pamba ya kwetu ilikuwa imekaa ghalani kwa chama cha ushirika haijalipwa. Mtu wa ng'ombe aliuza ng'ombe. Tulipofika Kamanga nilikuta mchuuzi anatusubiri kivukoni na maksai wawili, na mmoja nilimtambua kwa pembe lake lililovunjika. Alikuwa miongoni mwa wale walioletwa na vijana wanaoimba.

Tukapanda kivuko kimoja, mimi, baba, sanduku langu la bati, na maksai wawili. Ng'ombe hawapendi maji, yule wa pembe moja alikuwa anatetemeka na kukojoa, abiria wanalalamika. Baba alikuwa amechangamka. Aliniambia huyu ndiye ada yako, na yule pale ni godoro, sare na viatu. Alisema kama mtu anayemwonyesha mtoto zawadi. Nilitaka kumsukuma ziwani. Nasema kweli, niliyatazama maji nikapima. Badala yake nikasema asante baba, kwa sababu nilikuwa sijui mtoto anasema nini kingine.

Sekondari nilisoma kwa shida, lakini nilisoma. Kila nilipotaka kukata tamaa niliona pembe lile. Kidato cha nne nikapata cha kupata, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi mjini humo humo, nikapanga chumba Nyakato, nyuma ya viwanda. Ilikuwa miaka ile minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi majirani wa kiwanda tunapanga foleni kununua mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki. Mshahara ulichelewa. Lakini nilikuwa na chaki yangu, na kila nilipokwenda nyumbani baba aliwaambia wageni kwamba huyu ni mwalimu, nimemsomesha mwenyewe. Nilimkasirikia kwa ajili ya dada, tena sana. Ila ndani kabisa ya hasira ile nilikuwa nimeficha kitu kitamu: kwamba kati ya mabinti wake wawili, baba alinichagua mimi. Nilikilinda kitu hicho kwa miaka saba.

Dada na watu wa mumewe walikuwa wamehamia kusini kama walivyopanga. Sikumwona mpaka siku nilipoletewa ujumbe kwamba yuko hospitali kubwa hapo mjini, anamuuguza mtoto wake wa pili aliyeungua mguu kwa uji walipokuja Geita kwa ndugu wa mumewe. Nilikwenda baada ya vipindi, na chaki ikiwa bado kwenye vidole. Nikakuta kitanda cha mtoto kimezungukwa na akina mama. Nikashtuka, nikadhani mtoto amefariki. Kumbe walikuwa wamepanga foleni. Kila mmoja alikuwa na bahasha yake ya dawa, na dada, amekonda, jino moja la mbele halipo, alikuwa anawasomea moja baada ya nyingine: huyu kimoja mara tatu, wewe viwili mara mbili, hii ya kwako ni ya kupaka usije ukanywa. Nesi mmoja aliniuliza pembeni, huyu ndugu yako kasomea wapi. Nikasema ameishia la saba. Nesi akasema basi la saba la kwenu ni la nguvu.

Mtoto alipolala tulitoka tukaketi kwenye ukuta mfupi, pale wanapoanika mashuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumuomba msamaha, nikaanza, nikashindwa, nikalia. Dada aliningoja nimalize. Hakulia. Akaniambia niache, mambo ya utoto hayo. Nikamuuliza, siku ile ya hesabu, mbona uliandika sana.

Akatabasamu kwa kuficha pengo. "Nilizifanya zote kwanza kwenye karatasi ya pembeni," alisema. "Nilitaka nijue tu kama ningefaulu."

"Ukapata ngapi?"

"Zote. Ningekosaje zote kama sikuzijua zote? Ukibahatisha moja mbili si zitakubali." Alinieleza kwa upole ule ule wa kiazi kitamu, kama naye bado ananisubiri nijumlishe. Kisha akasema karatasi ile ilikusanywa, msimamizi aliichukua na zile nyingine. Alisema angependa kubaki nayo.

Niliwaka. Sijui njia nyingine ya kulisema. Nilirudi Nyakato sikula, na Jumamosi nikapanda kivuko kwenda Kamanga na maneno yangu nimeyapanga kama somo la kufundisha. Nilimkuta baba Jumapili mchana, ameketi kwenye kigoda kivulini mwa ghala, anasokota kamba ya katani. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nikampa shikamoo yake kwa magoti, maana hasira haifuti adabu, akaitikia marahaba mwalimu. Mama akaleta maziwa. Sikuyagusa.

Nikamwambia yote. Nikamwambia binti aliyemuoza akiwa mtoto alipata hesabu zote, kila moja, akazikosesha kwa mkono wake mwenyewe ili yeye baba apate ng'ombe. Nikamwambia huko hospitalini wagonjwa wanamdhania nesi. Nikamwambia mwenye akili kwenye nyumba hii alikuwa yule, siyo mimi. Sikuwahi kumsemesha baba hivyo, na mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika mdomo.

Baba aliendelea kusokota. Hakukasirika.

"Najua," alisema. "Angefaulu yule. Ndiyo maana nilimwambia."

Nikasema, basi kwa nini umwue mwenye akili halafu unichague mimi, unipe nafasi yake mimi.

Hapo akaacha kamba. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, wa mtu aliyesikia habari mpya kabisa. Akasema yeye hakumchagua mtu. Jina lilitoka wilayani, mtendaji akaja na barua, angefanya nini.

"Lakini mimi hukuniambia nifeli, baba. Ulimwambia yeye peke yake."

"Wewe?" alisema baba. "Wewe nikuambie ya nini? Nilijua utafeli mwenyewe."